Shajara ya mradi: mwongozo wa vitenzi vya Kiingereza vya likizo, ruhusa na kutokuwepo kazini

Mipaka ya kazi

Mradi huu unaandaa mwongozo mfupi kwa Kiswahili kwa mfanyakazi anayelazimika kuomba ruhusa, kutoa taarifa ya ugonjwa au kupanga likizo kwa Kiingereza. Walengwa ni muuguzi au mlezi wa wazee aliyeko Uingereza, mpakizi wa ghala Marekani, mhudumu wa hoteli nchi za Ghuba, na pia karani wa Nairobi au Dar es Salaam ambaye bosi wake yuko nchi nyingine na wanawasiliana kwa ujumbe tu.

Istilahi za mkataba hatuzigusi sana. "Annual leave" na "maternity leave" zimeandikwa kwenye karatasi na mtu huzijua tangu siku anayosaini. Kinachomsumbua ni vitenzi vya mazungumzo vilivyoundwa na kitenzi chepesi pamoja na kijineno: take off, call in, put in for, sign off, carry over, fill in for. Kitenzi chenyewe mtu alikisoma darasa la nne. Kijineno ndicho kinachogeuza maana, na kufungua kamusi kwenye "off" hakumsaidii mtu aliyeamka na homa na zamu yake inaanza baada ya saa moja.

Awamu ya kwanza: mpangilio na muundo wa kadi (imekamilika)

Mpangilio wa alfabeti umewekwa kando. Vitenzi vinafuata safari ya likizo yenyewe: kuomba, kujibiwa, kumwachia mtu kazi, kuwa nje, kurudi. Ugonjwa una sehemu yake kwa sababu hauombwi, unatolewa taarifa. Fungu moja tu limepangwa kwa kitenzi badala ya hatua, nalo ni la call in, call off na call out, kwa kuwa yakitenganishwa msomaji haoni hatari iliyopo kati yake.

Kila kadi ina sehemu sita: kitenzi, nani anaamua, jina likaaje kwenye sentensi, nchi kinakotumika, sentensi moja ya mfano, na mtego.

Sehemu ya "nani anaamua" ndiyo moyo wa mwongozo. Kiswahili hubeba uamuzi ndani ya kitenzi: nimeomba ruhusa, nimepewa ruhusa, nimeruhusiwa, nimejichukulia siku. Anayesikia anajua mara moja mamlaka yako upande gani. Kiingereza cha kazini hufanya kazi hiyohiyo kwa kubadili kitenzi chepesi mbele ya "off", na anayechagua vibaya huonekana anamwamuru bosi wakati alikuwa anamwomba kwa unyenyekevu.

Jina likaaje: kila kitenzi kinapimwa kwa kukipa kiwakilishi kama "it" au "her". Kama kiwakilishi lazima kikae katikati, kadi inaandikwa "kinagawanyika": carry it over, call it off, turn it down. Kama lazima kije mwisho, inaandikwa "hakigawanyiki": put in for it, fill in for her, come down with it. Vitenzi vya vijineno viwili karibu vyote viko kundi la pili.

Awamu ya pili: ukoo wa "off" (imekamilika)

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na tumeipa kurasa nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote.

"I'm taking Friday off." Hii ni taarifa. Msemaji ama tayari amekubaliwa, ama ana madaraka ya kujipangia. Mtu akimwandikia hivi msimamizi ambaye hajaulizwa, msimamizi atasoma kwamba suala limekwisha amuliwa bila yeye. Ukitaka kuomba, igeuze swali: "Could I take Friday off?" au "Would it be OK if I took Friday off?"

"I've got Friday off" au "I have Friday off." Hii ni hali tu. Siku hiyo sipo, iwe ni kwa rota, kwa likizo au kwa sikukuu. Haisemi nani aliamua.

"I got Friday off." Niliomba, nikapewa. Kitenzi ni kilekile cha sentensi iliyotangulia, lakini kukosekana kwa "have" kunaleta tendo: kuna mtu alikubali.

"She gave us Friday off." Mkubwa katoa mwenyewe, pengine bila kuombwa.

"I'm off on Friday." Hali tena, na ndiyo njia fupi kuliko zote kwa Uingereza. Mtego wake ni kwamba "I'm off" ikisimama peke yake, bila siku, maana yake ni "naondoka sasa hivi". Mtu anayetaka kusema leo yuko mapumzikoni aseme "I'm off today", na asiliache neno la siku.

Nafasi ya siku kwenye "take off" ina kadi yake. Siku hukaa katikati: take Friday off, take a week off, take the first two weeks of August off. Hata kifungu kikiwa kirefu hivyo, bado hukaa vizuri katikati. Marekani utasikia pia "take off Friday", lakini mwongozo unashauri katikati kwa kila nchi, kwa sababu "off" ikitangulia inaanza kuvuta maana nyingine. "I will take off tomorrow" kwa wasikilizaji wengi ni "kesho nitaondoka", kama ndege inavyopaa, na bosi anaweza kubaki akijiuliza unakwenda wapi.

Kisha kuna mazoea ya Kiingereza cha Afrika Mashariki. Kwetu yanaeleweka na hayana ubaya wowote kati ya watu wa hapa. Mwongozo unayaandika kwa heshima, ila unaonyesha yanavyosomeka ng'ambo:

"I'm on off" au "niko off" kwa mdomo wa Kenya: ng'ambo sema "I'm off" pamoja na siku, au "it's my day off".

"I'm requesting for an off": sema "I'd like to request a day off". Kitenzi "request" hakichukui "for", na "off" haihesabiki peke yake.

"Day offs": wingi ni "days off". Kinachohesabika ni siku.

"I have an off day tomorrow": hii ndiyo yenye kuleta mkanganyiko mkubwa zaidi. "An off day" kwa Mwingereza na Mmarekani ni siku ambayo mtu anafanya kazi vibaya, mikono haimtii, kila kitu kinamponyoka. Ukisema kesho una "off day" umetabiri kwamba kesho utaharibu. Sema "I have a day off tomorrow".

"Sick off" ya Kenya, kama katika "daktari amenipa sick off": Uingereza ni "I've been signed off", Marekani "I have a doctor's note". ED ya Tanzania, ile karatasi ya kumtoa mtu kazini kwa ugonjwa, nayo haieleweki nje. Usiiandike kwa herufi hizo mbili.

Ukoo wa "off" unafungwa na ndugu wawili wa kuogopwa. "Laid off" ni kuondolewa kazini kwa kuwa kazi hakuna. Uingereza inaweza kuwa ya muda, lakini hata hapo haihusiani na likizo. Mtu aliyepewa wiki mbili za mapumziko asiandike "I've been laid off for two weeks". Na "let off" ina sura mbili: "She let me off early" ni aliniruhusu kutoka mapema, lakini "She let me off" ni alinisamehe kosa. Neno "early" likisahaulika, umekiri kosa ambalo hukulifanya.

Awamu ya tatu: kutoa taarifa ya ugonjwa (imekamilika)

"Call in sick" ndicho kitenzi cha msingi na kinaeleweka kila mahali. Uingereza hutumika pia "phone in sick" na "ring in sick". Hakuna jina katikati, na neno "sick" haliachwi: "I called in" peke yake inaweza kuwa nilipiga simu ofisini kwa jambo lolote.

"Call out" na "call off" zinahitaji ramani. Marekani, hasa upande wa mashariki, "I called out today" au "I called out sick" ni sawa kabisa na "called in sick". Sehemu za kati za Marekani husikika "I had to call off today" kwa maana hiyohiyo. Nje ya maeneo hayo, "call off" ni kufuta jambo lililopangwa, kama mkutano au mgomo, na "call somebody out" ni kumsema mtu hadharani kwa kosa lake. Uingereza "call-out" ni safari ya fundi bomba au daktari kuja nyumbani. Uamuzi wa mwongozo: msomaji atumie "call in sick" popote alipo, na azitambue nyingine mbili akizisikia kwa wenzake.

Kuna neno moja fupi linaloponza watu bila wao kujua. Kwa Mwingereza, "I was sick this morning" mara nyingi ni "nilitapika asubuhi". Kama uliumwa kichwa tu, sema "I wasn't well" au "I was ill". Mmarekani atasikia "sick" kama kuumwa kwa jumla.

"Come down with" ni kuanza kuugua maradhi ya kawaida: "I've come down with flu", "I've come down with something". Hakitumiki kwa kuvunjika mguu wala kwa shinikizo la damu la miaka. Kina faida moja kubwa: "something" inatosha, huhitaji kutaja ugonjwa wenyewe kwa simu ya asubuhi.

"Running stomach" ya kwetu haifahamiki Uingereza wala Marekani. Sema "an upset stomach", au "a stomach bug" kama ni ya kuambukiza. Kwa wafanyakazi wa jikoni na wa kuhudumia wagonjwa tofauti hiyo ni muhimu, kwa kuwa maelezo ya kuambukiza yanaweza kuongeza muda wa kukaa nyumbani.

Malaria ina kadi yake. Afrika Mashariki mtu husema "nina malaria" na mwenzake anaitikia "pole". Uingereza malaria ni miongoni mwa magonjwa ambayo daktari analazimika kuyatolea taarifa kwa mamlaka za afya, na msimamizi akilisikia atashtuka na kuuliza kama uko hospitali. Kama hujapimwa, usilitaje. Sema "I've got a fever". Kama umesafiri nyumbani karibuni na una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaeleze ulikotoka. Hilo ni la kiafya kabla halijawa la lugha.

Ujumbe wa kielelezo uliopitishwa una mambo matatu: kutokuwepo, sababu kwa ufupi, na lini utawasiliana tena.

"Good morning. I'm afraid I won't be in today, I've come down with a stomach bug. I'll let you know by 4 pm whether I'll be in tomorrow."

Saa ziandikwe kwa am na pm kila mara. Mtu anayefikiri kwa saa za Kiswahili anaweza kuandika "my shift starts at 2" akimaanisha saa mbili asubuhi, na msomaji akaelewa saa nane mchana. Mwongozo unaweka jedwali dogo la saa mwanzoni mwa sehemu ya ugonjwa, kwa kuwa asubuhi ya homa ndiyo saa ambayo kichwa hurudi kwenye hesabu ya nyumbani.

Awamu ya nne: karatasi ya daktari (imekamilika)

"Sign off" Uingereza ni daktari kuthibitisha kwamba mtu hafai kazi kwa muda: "My GP has signed me off for two weeks." Huko mfanyakazi hujithibitishia mwenyewe ugonjwa wa siku 7 au pungufu, zikihesabiwa na siku zisizo za kazi, zikizidi, mwajiri anaweza kudai karatasi inayoitwa "fit note". Karatasi hiyo ilichukua nafasi ya "sick note" ya zamani mwaka 2010, na tangu Julai 2022 si daktari peke yake anayeweza kuitoa. Wauguzi, wafamasia na wataalamu wa tiba ya viungo nao wanaruhusiwa.

"Sign off on" ni kitu kingine kabisa: kuidhinisha. "My manager signed off on my leave" ni bosi kaidhinisha likizo yangu. Kijineno kimoja kikiongezeka, mwenye kalamu anabadilika kutoka daktari kuwa bosi.

Marekani "signed me off" haizoeleki kwa ugonjwa. Husikika "My doctor took me out of work for two weeks." Hapo kuna mtego: "I'm out of work" ni sina kazi, sina ajira. "I'm out today" au "I'm out sick" ndiyo salama. Kwa Mmarekani "out" hufanya sehemu kubwa ya kazi ambayo kwa Mwingereza hufanywa na "off".

Awamu ya tano: kuomba na kujibiwa (imekamilika)

"Put in for" ni kupeleka ombi rasmi: kujaza fomu, kuingiza tarehe kwenye mfumo. "I've put in for the last week of July." Hakisemi kama umekubaliwa. Wengi huchanganya na "book off" ya Uingereza: "I've booked the last week of July off" ina maana jambo limekamilika, tarehe ni zako. Mtu asikate tiketi ya kwenda Zanzibar kwa nguvu ya "put in for".

Bosi akikubali utasikia "it's been approved". Akikataa: "it's been turned down". Akitaka kuuliza juu kwanza: "let me run it past HR". Akikuandika kwa muda: "I'll pencil you in", yaani jina lako lipo ila linaweza kufutika. Kwa jibu hilo pia usikate tiketi.

Sauti ya ombi ina ukurasa wake. Barua ya ruhusa ya Kiswahili ina desturi yake: Kumb. Na., Yah: Ombi la ruhusa, kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Ni adabu nzuri mahali pake. Ikihamishwa neno kwa neno kwenye barua pepe ya Kiingereza inazaa "Refer to the heading above. I humbly request to proceed on leave", na msimamizi wa ng'ambo anaona kama mtu amepeleka shauri mahakamani. Sentensi mbili zinatosha: "I'd like to take 10 to 14 August off, if that works for the team. Amina has agreed to cover my shifts." Adabu ya Kiingereza imekaa kwenye "I'd like" na "if that works".

Kuhusu muda wa kuomba: Uingereza, kama mkataba hausemi vingine, notisi ni mara mbili ya siku unazotaka na kuongeza siku moja, yaani siku 3 kwa likizo ya siku 1. Mwajiri anayekataa hutoa notisi ya siku sawa na likizo iliyoombwa na kuongeza siku moja. Mwongozo unaweka kanuni hii kwa sababu "put in for" ya jana kwa ajili ya kesho hukataliwa hata Kiingereza kikiwa safi.

Awamu ya sita: kusogeza tarehe (imekamilika, imepanuliwa)

Sehemu hii ilikusudiwa kuwa mistari michache. Imekua, kwa kuwa hapa Kiswahili na Kiingereza vinatazamana kinyume.

Kwetu "kusogeza mbele" likizo ni kuiahirisha: ilikuwa Juni, imekwenda Agosti. Kiingereza "bring forward" ni kuileta karibu: ilikuwa Agosti, imekuja Juni. Mtu akitafsiri "naomba kusogeza mbele likizo yangu wiki moja" kuwa "Can I bring my leave forward a week?", bosi atampa wiki ya mapema kuliko ile aliyokuwa nayo, na pengine amwondolee mtu mwingine.

Kuchelewesha ni "push back" au "put back": "Could I push my leave back a week?" Jumla, "put off" ni kuahirisha bila kutaja hadi lini. Kuwahisha ni "bring forward", na Marekani "move up". "Move forward" mwongozo unaikataza kwa tarehe, kwa sababu wenye lugha wenyewe hugawanyika juu ya maana yake.

Kinga ya yote ni kuandika tarehe mbili, ya zamani na mpya: "from 3 August to 10 August". Na mwezi uandikwe kwa jina. 03/08 ni tarehe 3 Agosti kwa Uingereza na Afrika Mashariki, lakini kwa Marekani ni Machi 8.

Neno "until" nalo lina kasoro. "I'm off until Monday": Jumatatu upo au haupo? Wengi wataelewa kwamba Jumatatu unarudi, wengine hawana hakika. Mmarekani ana "through": "I'm out through Friday", Ijumaa imo ndani. Kwa nchi zote, andika siku ya kurudi: "I'm off from Tuesday 4 August, back on Monday 10 August." Na kwenye kurudi, "I will report back on Monday" ya ofisi za kwetu husomeka Uingereza kama "Jumatatu nitawaletea taarifa". "I'll be back on Monday" inatosha.

Awamu ya saba: kumwachia mwenzako kazi (imekamilika)

"Fill in for" ni salama popote. "Stand in for" ni ya Uingereza zaidi, ina urasmi kidogo. "Cover" ichunguzwe: "Can you cover my shift?" ni kushika zamu yangu. "Can you cover for me?" inaweza kuwa hivyohivyo, na inaweza pia kuwa "nifiche, sema nipo". Katika maandishi tumia ya kwanza, itaje zamu.

"Hand over" ni kukabidhi: "I've handed over to Amina." Jina la tendo ni neno moja, "handover", na mkazo unahamia mwanzoni: HANDover. Kitenzi hukazwa kwenye kijineno, hand Over. "Make up" ni kufidia saa: "I'll make up the hours on Saturday." Neno "hours" lisiachwe, kwani "make up" pia ni kutunga jambo la uongo.

Awamu ya nane: hesabu ya siku (imekamilika)

Vitenzi ni "use up", kumaliza siku zote. "Run out of", kuishiwa. "Save up", kuzihifadhi. Na "carry over", kuzihamishia mwaka unaofuata, ambayo Marekani huitwa pia "roll over". "Can I carry five days over into next year?"

Kitenzi hiki hakina maana bila kujua una siku ngapi, hivyo kadi imebeba viwango vya sheria. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007: si chini ya siku 21 za kazi kwa kila miezi 12, sehemu ya likizo isiyokatizwa huchukuliwa ndani ya mwaka wenyewe, na iliyobaki ndani ya miezi 18 baada ya hapo. Tanzania bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: siku 28 mfululizo, sikukuu zinazoangukia ndani zikihesabiwa. Uingereza: wiki 5.6, ambazo kwa mtu wa siku tano kwa wiki ni siku 28, na mwajiri anaruhusiwa kuhesabu sikukuu humo. Mwenye siku 28 anaweza kuhamisha hadi 8 mwajiri akikubali. Marekani: hakuna sheria ya taifa zima inayomlazimisha mwajiri wa sekta binafsi kutoa likizo yenye malipo, kuna sheria ya 1993 inayotoa wiki 12 bila malipo kwa ugonjwa mzito au mambo ya familia, kwa mtu aliyefanya kazi miezi 12 na saa 1,250 kwa mwajiri mwenye watu 50 au zaidi. Anayehamia huko kutoka Mombasa akiuliza "how much leave do I get?" anaweza kujibiwa kwa herufi tatu, PTO (paid time off), ambamo likizo na ugonjwa mara nyingi huchotwa kwenye kapu moja. Kila "call out" inapunguza siku za kwenda nyumbani.

Awamu ya tisa: msiba (imekamilika)

"Pass away" ndicho kitenzi cha kutumia: "My father passed away last night. I'll need to take some time off." Hapa hata "I'll need to" haionekani kama amri.

Jambo zito ni majina ya ukoo. Mama mdogo, mama mkubwa na baba mkubwa ni wazazi kwetu. Kanuni za kazi huorodhesha ndugu: Tanzania bara likizo ya msiba ya siku 4 inamhusu mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu na ndugu wa kuzaliwa. Mwajiri wa ng'ambo huwa na orodha yake. Mtu akiandika "my mother passed away" kwa mama mkubwa, kisha baada ya miaka miwili akafiwa na mama mzazi, atakuwa kwenye kumbukumbu za mwajiri kama mtu aliyesema uongo, ilhali alisema kweli ya nyumbani kwao. Kadi inaelekeza: "My aunt, who raised me, has passed away." Maneno matatu ya katikati yanambebea mwajiri uzito wa uhusiano, na wengi wana nafasi ya kumfikiria mtu wa namna hiyo.

Yanayoendelea

Kutoka kazini: "clock off" na "clock out" ziko tayari. "Knock off" ya Uingereza, Australia na Afrika Kusini, yaani kumaliza kazi kwa siku, imewekwa na onyo kwamba "knock-off" ni bidhaa bandia.

"Skive off" na "bunk off", kutega kazi, zimehamishiwa orodha ya kusikia tu. Msomaji azielewe akiambiwa, asizitumie kwa utani na msimamizi, hasa mgeni kazini.

Sauti zinarekodiwa kwa jozi: kitenzi na jina lake la tendo, mkazo ukisikika. Kadi za Ghuba zinasubiri ukaguzi wa viwango vya siku, ambako sheria za Oman na Falme za Kiarabu zimefanyiwa marekebisho miaka ya karibuni. Ujumbe wa kujibu kiotomatiki wakati wa likizo unapimwa kwa sentensi moja tu: "I'm off until the end of this week and will get back to you on Monday 10 August." Imerudishwa mezani kwa sababu ya "until", na toleo linalopendekezwa ni "I'm away and will be back on Monday 10 August. For anything urgent, please contact the team inbox."